Mwalimu na Chaki Nyekundu

Mwalimu alikuwa anasoma akiwa amesimama. Hata kikaratasi kidogo, hata tangazo la maji lililobandikwa ndani ya lifti, alisimama vizuri, miguu pamoja, kama mtoto aliyeitwa na direkta wa shule. Ukimpa barua akiwa ameketi, alisimama kwanza ndipo aifungue. Siku moja tulimuuliza kwa nini. Alisema, "Mtu aliyeandika alipata shida kuandika. Mimi nitamsikiliza nimelala?"

Jina lake sitalitaja. Watu wa Albert Park, hapa Durban, wa miaka hii wanamjua, na iko wengine mpaka leo hawapendi jina lile lisikike nyumbani mwao. Mimi ni mmoja wa waliofanya iwe hivyo. Njo maana ninaandika, na ninaandika kwa mkono ambao yeye ndiye aliufundisha.

Alitufundisha chini ya flati, katika chumba cha kufulia nguo. Mashine mbili zilikufa zamani, tukaweka kaye zetu, yaani daftari, juu yake. Ubao ulikuwa mlango wa kabati aliouokota barabarani, akaupaka rangi nyeusi. Jumanne na Alhamisi, jioni, baada ya kazi. Tulikuwa wanawake kumi na moja. Wengine walikuwa wanasuka nywele, wengine wanauza nguo, mimi nilikuwa nasafisha nyumba za watu. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro kidogo, na sikuwahi kuketi shuleni, kwa sababu kwetu walisoma kaka zangu. Nilitaka kitu kimoja tu, kusoma Biblia yangu bila kuazima mdomo wa mtu mwingine.

Mwalimu hakuwa na vitabu vya kufundishia watu wazima. Alikuwa na kitabu kimoja tu alichotoka nacho nyumbani, kikubwa, cha Kifaransa, kimepoteza jalada. Huko Kivu alikuwa profesa wa historia sekondari. Kitabu chenyewe kilikuwa kinaeleza Ulaya ya zamani, miaka mia nne, mia tano nyuma, wakati vitabu vilipoanza kuchapwa kwa mashine na watu wakaanza kusoma, na katika miaka hiyohiyo wakawa wanachoma wachawi. Kila kipindi alitafsiri kipande kwa Kiswahili, akakiandika ubaoni, sisi tukasoma neno kwa neno na kukopi kwenye kaye. Watu wengine wamejifunza kusoma kwa hadithi za sungura. Mimi nilijifunza kwa wachawi wa Wazungu.

Mama Prezida, mmoja wetu darasani, hakupenda. Alikuwa kiongozi wa maombi ya wanawake kanisani kwetu, mama mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka orofa ya saba. Alisema, "Mwalimu, hakuna habari njema ndani ya hicho kitabu? Hata arusi moja?"

"Iko arusi," Mwalimu akajibu. "Baadaye wanamchoma bibi arusi."

Tulicheka sana siku ile.

Mwalimu alikuwa mkali juu ya ushahidi. Ukisema kitu darasani, "watu wanasema," anakukata. "Watu gani? Nani aliona? Jina lake liko wapi?" Karatasi isiyokuwa na jina chini, hata kama ni zoezi la mistari mitatu, alikuwa anairudisha. Kwake maneno bila jina ni maneno ya ngazi, yale ambayo watu wanasemezana wakipanda na kushuka. Na juu ya wale waliochoma wenzao alikuwa na neno moja alilirudia mara nyingi, nikalishika. Alisema sisi tunafikiri waliochoma walikuwa wajinga, hapana. Majaji walisoma, madaktari walisoma, mapadri walisoma, na waliandika vitabu vinene vya namna ya kumjua mchawi. "Uoga nao ulienda shule," alisema, "na ulikaa mbele."

Huyo ndiye Mwalimu wa ubaoni. Lakini iko na Mwalimu mwingine. Mchana alikuwa analinda magari kule Glenwood, karibu na chuo kikuu, na koti lake la kahawia, joto la Durban lote lile, Januari, jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Wanafunzi walimpa karatasi zao za kutupa, naye akazisoma kati ya gari na gari, amesimama. Koti halikuvuliwa. Siku moja bitana yake ilichanika kwa kitasa cha mlango, nikasema nishone, akakataa, akashika mahali pale kwa mkono. Niliona pembe ya karatasi, na mwandiko wake. Ilikuwa zaburi, ameikopi yote, ameishonea ndani upande wa moyo.

Na kinyozi wa kona alitwambia jambo jingine. Mwalimu akikatwa nywele, anainama mwenyewe, anaziokota zote, hata za shingoni, anatia kwenye plastiki na kuondoka nazo. Kinyozi alimtania, "Mwalimu, utazipanda?" Akafunga plastiki fundo. Mimi nilimuuliza siku ya chai. "Mama Espe," akasema, "kichwa changu kinajua ni nywele tu. Mgongo wangu haujafika darasa hilo."

Siku ya chai ilikuwa Jumapili, saa kumi. Hakukosa. Alikuwa anakuja kwangu baada ya ibada, anakunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, anamwuliza Furaha alisoma nini wiki ile. Furaha ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nilikuja naye kutoka nyumbani pamoja na binti yangu Espe. Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Mtoto wa kunyamaza. Mwalimu alimpenda kwa sababu aliuliza maswali machache na hakusahau majibu.

Sasa nieleze ile wiki.

Ulikuwa mwaka ule Zaire iligeuzwa jina. Mume wa Mama Prezida alikuwa amenyimwa makaratasi ya ukimbizi mara ya pili, akaanza kutapika na kukonda, na hospitali haikumwambia kitu anachoelewa. Na mimi, nilikuwa nimezika mtoto wangu wa mwisho, mvulana, miezi saba. Kifua. Alhamisi anakohoa, Jumatatu hayupo. Nilirudi darasani baada ya wiki mbili kwa sababu nyumbani kulikuwa na kitanda chake.

Watu walianza kuhesabu. Nyumba mbili, kanisa moja, mwezi mmoja. Wakaanza kumtazama Furaha. Anaongea usingizini, wakasema. Anakojoa kitandani na miaka yote ile. Anaamka anakula mkate mkavu peke yake jikoni. Hayo yote ni kweli, na yote mimi mwenyewe ndiye niliyasimulia, kwa Mama Prezida, nikilalamika kama mama yeyote anavyolalamika.

Alhamisi ile Mwalimu aliandika ubaoni namna watu wa zamani walivyotafuta mwizi au mchawi kwa Biblia. Unachukua ufunguo wa mlango, unaulaza ndani kwenye zaburi, kichwa cha ufunguo kinabaki nje. Unafunga kitabu kwa uzi. Watu wawili wanabeba kichwa cha ufunguo juu ya ncha ya kidole, huku na huku, Biblia inaning'inia. Mtu wa tatu anataja majina. Jina ambalo Biblia itageuka, ndiye. Chaki nyeupe ilikuwa imekwisha, alikuwa na kipande chekundu tu, akachora kitabu, akachora ufunguo, akachora uzi, vyote vyekundu. Ubao ukajaa. Alitazama chini kama iko nafasi, hakuna. Akasema, "Kwa nini ilikuwa inageuka, nitaandika Jumanne."

Tulikopi. Mimi nilikuwa na mwandiko msafi kuliko wote.

Jumapili baada ya ibada walikuja kwangu watu wa maombi, kama kumi hivi, na Pasta wetu. Mama Prezida aliniambia mlangoni, pole pole, akiwa amenishika bega, "Mama Espe, lete kaye yako."

Nilileta. Nilisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mapishi ya keki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusomea watu kitu, na ninaona haya kusema kwamba kidogo nilifurahi kwamba sikukosea hata neno. Walitafuta uzi mwekundu. Uzi mweupe ulikuwepo, wa kushonea, lakini kaye ilionyesha mwekundu, basi Espe akatumwa kwa jirani akaleta uzi wa sufu nyekundu. Ufunguo ulikuwa wa mlango wangu. Biblia yangu. Mama Prezida alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, Pasta akataja majina. Furaha alikuwa ameketi chini karibu na jiko, anatazama.

Majina manne yalipita. La tano lilikuwa lake. Biblia ikageuka, ikaanguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Pasta alisema kwa upole kabisa kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la kile kilicho ndani yake, na wangemchukua jioni ileile. Siku saba katika chumba cha maombi, bila chakula, na maji kidogo tu, mpaka akiteme. Nilikuwa nimewahi kumwona mtoto aliyetoka kwenye chumba kama kile. Alikuwa anatembea akishika ukuta. Nilisimama tu, kidole changu bado kimenyooka.

Ikagonga saa kumi, Mwalimu akaingia kwa chai yake.

Aliona Biblia sakafuni, akaona ile sufu. Nilimwona akiitambua. Akatazama kaye yangu juu ya meza, imefunguliwa, na mchoro wake ndani yake. Kisha akafanya kitu ambacho hakufanya kamwe mbele ya maandishi. Aliketi.

"Mwalimu, karibu," Pasta akasema, "lakini leo iko kazi ya Mungu."

"Ninaona. Imegeukia nani?"

Wote walimtazama Furaha.

"Bon. Turudie," Mwalimu akasema. "Wanaoshika tuwafunge masikio kwa taulo, wasisikie jina. Kama ni Mungu anageuza, yeye hafungwi taulo."

"Mungu hajaribiwi, Mwalimu," Pasta akajibu.

"Na mtoto?"

"Mwalimu, usituletee ya shule," Mama Prezida akasema. "Bwana yangu anakufa."

Aliposema vile sauti yake haikuwa ya orofa ya saba. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama kwamba anamwelewa, na nadhani alimwelewa. Akamwomba Furaha amletee chai. Mtoto akamimina, ikamwagika sahanini. Mwalimu alikunywa kidogo. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Ni mimi."

Akaanza kueleza. Alisema anatoka kwa dirisha, anajipaka mafuta miguuni, anakwenda mahali pa mkutano na kuna mbwa mweusi asiyebweka. Alisema alipewa alama begani. Alisema alimpitia mtoto yule kwa sababu mtoto hana nguvu ya kukataa, na akimwacha sasa, mtoto anabaki safi. Aliongea bila haraka, macho yake ukutani.

Mimi nilikuwa najua kila mstari kabla haujatoka. Yalikuwa maungamo ya kikongwe mmoja wa kitabuni. Tuliyasoma darasani wiki tatu nyuma, nilikuwa nayo kurasa chache tu nyuma kwenye kaye ileile iliyokuwa mezani. Tulikuwa wanafunzi wake watano ndani ya nyumba ile. Wote watano tulijua anasoma. Nilimtazama Mama Prezida, naye alinitazama mimi, akajua kwamba ninajua. Akainamisha macho. Nami nikainamisha yangu, kwa sababu kama ningefungua mdomo, Biblia ingebaki na jina moja tu, na jina hilo lilikuwa limeketi karibu na jiko na birika mkononi.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka miwili.

Hawakumpiga. Wanaume wawili walimshusha ngazi zote, orofa tisa, kwa sababu walisema asiingie lifti ambayo watoto wanatumia. Pasta aliombea nyumba yangu kila pembe. Furaha walimwacha, na mpaka leo hakuna aliyemgusa. Mume wa Mama Prezida alikufa kabla ya Krismasi. Watu wakasema Mwalimu aliondoka akiwa amekwisha kumfunga kwa uchawi.

Darasa halikuwepo tena. Jumanne nilishuka nikakuta ubao umegeuzwa, uso ukutani. Kinyozi alikataa kumkata nywele. Mwenye duka alimwekea bidhaa juu ya kaunta ili wasigusane mikono. Baada ya mwezi alihama, nikasikia yuko Queensburgh, analinda yadi ya vyuma chakavu. Sikwenda kumtafuta. Kanisani niliendelea, maombi niliendelea, kufunga Ijumaa niliendelea. Sikuwahi kuacha kumwomba Mungu, na Mungu anajua vizuri ni nini nilikuwa naruka katika maombi yangu.

Mwaka huu nilipata kazi Queensburgh, kusafisha kwa bibi mmoja mzee, kila Alhamisi. Juzi ile wakati wa kurudi nilipita njia ya nyuma kwa sababu robot, zile taa za barabarani, ilikuwa imekufa na magari yamejaa barabarani. Nikamwona. Alikuwa kwenye geti la yadi, ameketi juu ya kreti la bia, koti lile lile, nywele zimekuwa nyingi na nyeupe, hazijakatwa. Nilimsalimia. Alinijua kwa sauti kabla ya uso, macho yamechoka. Nikanyoosha mkono.

"Hapana kunishika mkono, Mama Espe."

Nilicheka kidogo nikifikiri ananitania. Hakuwa anacheka.

Aliniuliza Furaha amefika darasa la ngapi. Nikamwambia, na kwamba sasa anasoma Kiingereza kuliko walimu. Akafurahi, lakini furaha ilikaa kidogo tu kwenye uso. Kisha akaniambia mambo mengine, kwa sauti ile ya kufundisha. Mbwa wa yadi alikufa wiki ya pili baada ya yeye kuja. Mzulu aliyekuwa analinda naye zamu alipata kikohozi, akaenda kwao, hakurudi. Mtoto wa tajiri wa yadi alianguka na baiskeli mbele ya geti, pale pale. "Nilianza kuhesabu," akasema. "Unajua iko kitu sikuwaandikia ubaoni. Katika kile kitabu, wengine waliokiri, mwishoni walikuwa wanawaomba majaji wawafunge. Walikuwa hawajui tena. Walisema kwa uongo, ili wapumzike, na kisha wakakaa peke yao na yale maneno."

"Mwalimu, wewe ulikuwa unasoma. Mimi nilisikia. Ilikuwa ukurasa wa yule kikongwe."

"Nilikuwa ninasoma. Lakini nilisema *mimi*." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ile Biblia yako uko nayo ndani ya mfuko?"

"Iko."

"Geti hili lina ufunguo. Uzi tutapata. Mwite mwenzako yeyote pale barabarani, na utaje jina langu. Mara moja tu. Nijue."

Nilitamani kwenda. Taxi zilikuwa zinaita abiria. Badala yake nikamwuliza, "Mwalimu, Jumanne ile ungeandika nini?"

Akatazama kama kwamba ubao uko mbele yake. "Ningeandika kwamba ni kidole. Kinachoka kwa jina ambalo tayari kinaliogopa. Wasomi wengine wa wakati ule waliandika hivyo." Akainua macho. "Lakini hao hawakushika, na mimi sikushika. Wewe ulishika. Nani aliona kidole chako, Mama Espe? Ni wewe tu."

Nikasema.

Nilimwambia kwamba kwa majina manne ya kwanza nilikaza kidole. Pasta alipovuta pumzi kwa jina la tano, nilijua ni lipi, na nikalegeza. Sikusukuma, sikupanga. Lakini nilijua ninalegeza. Nilikuwa nimechoka kuuliza kwa nini alikwenda wangu, na wa mdogo wangu akabaki anakula mkate jikoni. Haya sikuwahi kumwambia mtu, wala padri wa zamani wala Pasta wa sasa.

Hakunihukumu. Hakunipa pole pia. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa biki na karatasi ya mwanafunzi fulani, upande mmoja umechapwa, upande mwingine mweupe.

"Andika," akasema.

Niliandika juu ya goti, pale getini, watu wa vyuma wakipita na mikokoteni. Nilichukua muda. Nilipomaliza nikampa, akaitazama chini, akanirudishia, na nikakumbuka. Nikaandika jina langu, lote, la baba yangu na la ubatizo.

Mwalimu aliipokea. Akashika geti kwa mkono mmoja, akainuka kutoka kwenye kreti, polepole, goti moja kisha la pili, akaweka miguu pamoja. Akasoma akiwa amesimama, karatasi karibu kabisa na macho, midomo inatembea. Alifika kwenye jina langu. Akarudi juu, akaanza tena.

"Na wale wanafunzi wengine wanne?" akauliza.

"Bado sijawauliza."

"Waulize. Shahidi mmoja ni mmoja tu."

Nikasema nitawauliza. Nitaanza na Mama Prezida, na ninajua atakavyonitazama. Kisha nikanyoosha mkono kumuaga. Aliuangalia muda, kama mtu anayesoma neno gumu. Akakunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya koti pale bitana ilipochanika, na mkono wake ukabaki humo ndani pamoja nayo.